Mlango Mfupi wa Hekima: Juu ya Kitabu cha Maungamo cha Augustino

Kuna watu wawili wabishanao sana katika vijiji vyetu, nao wote wawili ni Wakristo. Wa kwanza ni kijana aliyetoka shuleni. Akimsikia mzee akisali kwa maneno yasiyopangwa vema, hutabasamu pembeni, kwa kuwa ajiona yeye ameyapita hayo. Wa pili ni mzee yule yule. Akimwona kijana ameshika kitabu, hutikisa kichwa na kusema kwamba vitabu ndivyo vilivyoharibu imani ya watoto. Kijana adhani hekima hupatikana kwa kusoma tu. Mzee adhani kumcha Mungu ni kuacha kuuliza. Mimi ni mwalimu, nami nimekaa kati yao miaka mingi, huyu akinivuta huku na huyu akinivuta kule. Leo nataka kuwaeleza habari za kitabu kimoja cha zamani sana ambacho, kwa maoni yangu, chawakemea wote wawili, na mimi pia.

Kitabu hicho huitwa Maungamo. Mwandishi wake ni Augustino, askofu wa Hippo, mji wa pwani ya kaskazini ya Afrika, ambao leo huitwa Annaba, katika nchi ya Algeria. Alikiandika kwa Kilatini kati ya mwaka 397 na mwaka 400 hivi, naye alikuwa mtu wa miaka 40 na kitu. Kina sehemu 13. Sehemu 9 za kwanza zasimulia maisha yake tangu utotoni hata kufa kwa mama yake. Sehemu ya 10 yaichunguza nafsi yake jinsi ilivyokuwa wakati wa kuandika. Na sehemu 3 za mwisho zaeleza sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo. Tena, katika kitabu chote hasemi na msomaji, bali asema na Mungu. Sisi tusomao tu kama wapita njia waliosimama nje ya nyumba usiku, wakamsikia mtu akisali ndani.

Huyu Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji mdogo ambao leo huitwa Souk Ahras. Baba yake, Patricius, hakuingia katika Ukristo ila karibu na mwisho wa maisha yake. Mama yake, Monika, alikuwa mwamini tangu zamani, mtu wa sala nyingi. Hawakuwa matajiri, lakini walijinyima ili mtoto wao asome, hata baba akatoa kupita uwezo wake. Mzazi aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho kwa ajili ya karo ataelewa jambo hili bila kufafanuliwa. Mtoto akasoma, akapigwa fimbo na walimu, akachukia Kigiriki, akapenda Kilatini. Kisha akapelekwa Karthago, mji mkubwa, ajifunze ufasaha wa kunena. Shabaha ya elimu hiyo ilikuwa kupata cheo na sifa. Augustino mwenyewe haifichi.

Alipokuwa na umri wa miaka 19, alisoma kitabu cha Cicero, mnenaji mkuu wa Roma, kilichoitwa Hortensius, ambacho leo kimepotea isipokuwa vipande vichache. Kitabu hicho kilimsihi msomaji aipende hekima yenyewe, si sifa za wenye hekima. Moyo wa kijana ukawaka. Basi, kwa sababu mama yake alikuwa amemlea katika jina la Kristo, akaenda kuifungua Biblia aone kama hekima imo. Akaidharau mara moja. Tafsiri ya Kilatini ya siku zile ilikuwa na maneno ya watu wa kawaida, nayo masikio yake yalikwisha kuzoea uzuri wa Cicero. Baadaye, alipokuwa mzee zaidi, aliieleza sababu kwa mfano wa nyumba: mlango wake ni mfupi, lakini ndani dari yake yaendelea kuinuka kadiri mtu aingiavyo, naye siku zile hakuweza kuinamisha shingo.

Mfano huu ndio kiini cha kitabu chote. Tazameni kwamba Augustino hasemi kuwa nyumba ile ni ndogo, ifaayo watu wenye akili ndogo. Asema mlango ndio mfupi. Mtu mrefu aweza kuingia, tena ndani atasimama wima kuliko alivyosimama nje. Ila sharti ainame mara moja mlangoni. Na kijana aliyekwisha kufundishwa kwamba kuinama ni aibu, hubaki uani na urefu wake.

Kwa kuwa hakuingia kwa mlango huo, aliingia kwingine. Akajiunga na wafuasi wa Mani, waliojigamba kwamba wao hawamlazimishi mtu kuamini lolote kabla ya kumwonyesha kwa akili. Akakaa nao miaka ipatayo 9. Alikuwa na maswali juu ya mwendo wa nyota na jua, kwa maana vitabu vyao havikupatana na hesabu za wataalamu wa nyota. Wakamwambia: ngoja, atakuja Faustus, yeye ajua yote. Hatimaye Faustus akaja Karthago, mtu mwenye maneno matamu. Augustino akamwuliza maswali yake. Faustus akakiri wazi kwamba mambo hayo hayajui, wala hathubutu kubishana juu yake.

Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu mwandishi huyu. Mwingine angalitumia nafasi hiyo kumcheka mpinzani wake, hasa askofu aandikaye juu ya mwalimu wa dini aliyoiacha. Augustino hafanyi hivyo. Asema kwamba unyofu wa moyo wa Faustus katika kukiri kutojua ulikuwa kitu kizuri kuliko mambo yale yote aliyotaka kuyajua. Imani yake katika wafuasi wa Mani ilivunjika siku ile, lakini mtu aliyeivunja alimheshimu. Basi kumbe unyenyekevu ni sarafu inayopokelewa hata ikitoka mkononi mwa adui.

Mwaka 383 akavuka bahari kwenda Roma, na mwaka 384 akapata kazi ya ualimu wa ufasaha mjini Milano, palipokuwa na baraza la mfalme. Huko askofu alikuwa Ambrosio. Augustino akaenda kumsikiliza, lakini si kwa ajili ya dini. Alikwenda kama fundi seremala aendavyo kutazama kazi ya fundi mwenzake, aone kama sifa zake ni za kweli. Akapima maneno, akayapuuza mambo. Lakini mambo yakaingia pamoja na maneno, polepole, bila ruhusa yake.

Wakati huo ndipo alipofikiri jambo moja ambalo natamani kila kijana wetu alisome. Alijiuliza ni mambo mangapi anayoyaamini pasipo kuyaona: habari za kale, miji asiyofika, maneno ya marafiki na ya waganga. Tena akajiuliza, ajuaje kwamba baba yake na mama yake ndio wazazi wake? Ajua kwa kuambiwa, wala hana mashaka. Basi kuamini si kazi ya wajinga peke yao. Ni kazi ya kila mtu kila siku, na bila hiyo hata maisha ya nyumbani hayawezekani. Swali si kama mtu ataamini, ila ni nani anayestahili kuaminiwa. Mbele ya jambo hili, tabasamu la kijana wetu wa shule hukosa mahali pa kukaa.

Akasoma pia vitabu vya wafuasi wa Plato, navyo vikamsaidia sana kuelewa kwamba Mungu si mwili wala hakai mahali fulani kama vitu vikaavyo. Lakini aeleza kwa makini alichokikuta humo na asichokikuta. Alikuta habari za Neno aliyekuwa kwa Mungu. Hakukuta habari za Neno kufanyika mwili, kujishusha, na kufa kwa ajili ya watu. Waliiona nchi ya mbali kutoka kilimani. Njia ya kufika hawakuwa nayo. Kwa hiyo unyenyekevu ausemao Augustino si adabu tu, kama ya mtu apigaye goti mbele ya wakubwa. Ni kukubali kwamba Mungu mwenyewe alitangulia kuinama, na kwamba mtu akitaka kumfuata lazima apite pale pale alipopita yeye.

Kisha aliletewa habari mbili. Mzee Simplicianus alimwambia habari za Victorinus, mwalimu mashuhuri wa Roma, aliyekuwa Mkristo kwa siri kwa sababu aliwaogopa rafiki zake wakuu. Alipoambiwa aje kanisani, aliuliza kwa mzaha kama kuta ndizo zinazomfanya mtu kuwa Mkristo. Mwisho akaona haya kwa haya yake, akasimama mbele ya watu wote akaikiri imani. Habari ya pili ilikuwa ya Antoni, mtawa wa jangwa la Misri, ambaye hakusoma shule za wakubwa. Augustino akamgeukia rafiki yake Alypius, akalia kwamba wasio na elimu wanainuka na kuuteka ufalme wa mbinguni, nao pamoja na elimu yao yote wanagaagaa katika mwili. Hayo yalikuwa mwaka 386. Siku ile ile, katika bustani ya nyumba yao, alisikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani, ikirudia-rudia kumwambia achukue asome. Akaufungua Waraka wa Paulo kwa Warumi, akasoma maneno machache, akapata amani. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosio akambatiza.

Sasa nakuja kwa mzee wetu. Wengi wakifika hapa hufurahi na kusema: mwaona, elimu haikumsaidia kitu, aliokolewa na sauti ya mtoto. Nasema kwa heshima kwamba huko ni kukisoma kitabu nusu. Sauti ya mtoto ilimwambia nini? Ilimwambia asome. Tena ni nani aliyemwashia moto wa kwanza wa kuitafuta hekima? Ni Cicero, ambaye hakuwa Mkristo, na Augustino amshukuru Mungu kwa ajili ya kitabu kile. Iko na habari nyingine ambayo kila mama anayemlilia mwanawe inampasa kuijua. Monika alimwendea askofu mmoja amsihi abishane na mwanawe. Askofu akakataa, akasema kijana bado hafundishiki, amevimba kwa upya wa mambo aliyoyapata. Akamshauri amwombee tu. Na mwana mwenyewe, kwa kusoma, atayagundua makosa yake. Hakusema wamnyang'anye vitabu. Alisema: ombeni, na mwacheni asome. Mama alipozidi kulia, alimwambia kwamba haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee.

Tena baada ya kubatizwa Augustino hakuacha kuuliza. Sehemu 3 za mwisho ni maswali matupu: mwanzo ni nini, wakati ni nini, Mungu aliumbaje. Akiri kwamba wakati aufahamu mtu asipomwuliza, na akiulizwa aueleze, hawezi. Lakini hafungi kitabu akasema mambo haya hayatuhusu. Husali, huuliza, hujaribu jibu, huliacha, husali tena. Yakobo katika waraka wake aliwaagiza waliopungukiwa na hekima waiombe kwa Mungu kwa imani. Katika sehemu hizi twaona jinsi mtu aiombavyo. Aomba akiwa anafanya kazi, kama mkulima aombaye mvua huku jembe li mkononi.

Yanipasa sasa kuungama neno langu mwenyewe, kwa maana kitabu cha maungamo hakisomwi vema na mtu afichaye. Miaka kadhaa iliyopita, katika somo la dini, mtoto mmoja wa darasa la nne aliniuliza: "Mwalimu, kabla Mungu hajaumba mbingu na nchi, alikuwa akifanya nini?" Sikuwa na jibu, lakini sikusema kwamba sina. Niliwatazama watoto wengine, nikajibu kwamba alikuwa akikata fimbo za kuwachapia watoto wenye maswali kama hayo. Darasa zima likacheka. Mtoto akaketi. Mwaka ule wote hakuniuliza tena neno lolote.

Basi fikirini jinsi nilivyoona, nilipofika sehemu ya 11 ya kitabu hiki, nikalikuta swali lile lile, na mzaha ulio ndugu ya mzaha wangu. Augustino asema yuko mtu aliyejibu kwamba Mungu alikuwa akiwatengenezea jehanamu wale wachunguzao mambo ya juu. Yeye akataa kujibu hivyo. Asema kucheka ni jambo moja, na kuona ni jambo jingine. Afadhali aseme hajui asilolijua, kuliko kumfanyia dhihaka mtu aliyeuliza jambo kubwa, huku mwenye jibu la uongo akisifiwa. Kisha ajaribu kujibu kweli: wakati wenyewe uliumbwa na Mungu, kwa hiyo hapakuwa na siku yoyote kabla ya kuumba, ambayo mtu aweza kuuliza habari zake.

Nilikifunga kitabu, nikakaa kitako muda mrefu. Askofu aliyekufa mwaka 430, huku mji wake umezingirwa na majeshi ya Wavandali, alikuwa amenisoma mimi kabla sijamsoma yeye. Nilikuwa nimefundisha unyenyekevu kwa miaka mingi, wala neno "sijui" halijatoka kinywani mwangu mbele ya watoto. Nilimtafuta yule mwanafunzi, ambaye sasa ni kijana mkubwa, nikamwomba radhi. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Mwalimu, mimi nimekwisha kusahau." Sijui kama kweli amesahau.

Lakini kumsifu mwandishi pasipo kuonyesha upungufu wake si kumheshimu. Kwangu upungufu ni miwili. Wa kwanza ni juu ya mwanamke aliyekaa naye miaka mingi bila ndoa, aliyemzalia mwanawe Adeodatus. Monika na wengine walipomtafutia mke wa ndoa, mwanamke huyo alirudishwa Afrika, naye akaapa kutomjua mwanamume mwingine. Mwana akabaki kwa baba. Augustino asema moyo wake ulitoka damu, namsadiki. Lakini ayasema maumivu yake mwenyewe kuliko ya mwanamke, wala hatuambii hata jina lake. Labda alimficha kwa kumstahi. Hata hivyo, mtu aliyetumia kurasa nyingi kujilaumu kwa kuiba matunda ya jirani alipokuwa na miaka 16, alikuwa na nafasi ya kurasa mbili tatu kwa ajili ya huyu. Hapa, nadhani, shingo yake haikuinama vya kutosha. Nalitaja jambo hili kwa kuwa vijijini mwetu pia wako wanawake waliorudishwa kwao, nasi twayaita mambo hayo wongofu wa mume.

Upungufu wa pili ni ugumu wa sehemu za mwisho. Asiyezoea atachoka, na mara nyingine mwandishi arefusha pasipo haja. Nawashauri wenye kuanza wasome sehemu 9 za kwanza, kisha waingie sehemu ya 11 polepole, ukurasa mmoja kwa siku. Asiyeelewa asione haya. Mwandishi mwenyewe akiri mara nyingi kwamba haelewi.

Namaliza kwa kurudi kwa kijana na mzee wetu, maana katika kitabu hiki nimewaona mahali pamoja, tena wamepatana. Ilikuwa mwaka 387, huko Ostia, bandari ya Roma, walipokuwa wakingoja chombo cha kurudi Afrika. Augustino alikuwa na miaka 32, mwalimu aliyejiuzulu cheo chake. Monika alikuwa na miaka 55, mama ambaye hakupita katika shule za ufasaha. Wawili hao waliegemea dirishani, wakitazama bustani ya ndani, wakazungumza juu ya uzima wa watakatifu. Wakapanda kwa maneno kutoka vitu vya duniani hata nyota, na kutoka nyota hata nafsi zao, hata wakaigusa kidogo ile Hekima ambayo kwayo vitu vyote vilifanyika. Mwana hakumpita mama kwa elimu yake, wala mama hakumpita mwana kwa wingi wa machozi yake. Siku chache baadaye mama akashikwa na homa, akafa huko huko, akazikwa mbali na kwao.

Basi, kijana, kamwulize mzee jinsi asalivyo, nawe usitabasamu. Nawe mzee, kamwulize kijana asomacho, umsikilize mpaka amalize. Nami mwalimu, kesho nikiulizwa nisilolijua, Mungu anisaidie niseme kwamba silijui, kisha nilitafute pamoja na aliyeuliza.